Santuri za Nairobi zinauzika tena, ila mwanamuziki haoni kitu

Ukienda Kenyatta Market, Nairobi, wengi watadhani unafuata nyama choma au unaenda kusukwa nywele. Lakini katikati ya vibanda hivyo kuna duka la Jimmy Rugami, ambaye kwa miongo kadhaa amekuwa akiuza santuri za zamani, kuanzia benga na rumba hadi soul ya Marekani.

Katikati ya jiji, Mtaa wa Tom Mboya, lipo Melodica, duka lililokuwepo tangu miaka ya 1970. Hili halikuuza tu, lilitoa pia nyimbo kwa lebo zake. Wanaowinda santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, wanalijua vizuri.

Biashara hii ilidhaniwa imekufa, sasa imepata wateja wapya. Kuna madijei vijana, kuna wazee wanaotafuta wimbo wa ujana wao, na kuna wageni kutoka Ulaya wanaokuja na orodha mkononi.

Wimbi lenyewe ni la dunia nzima. Nchini Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Tofauti ni kwamba huko viwanda vinachapa mpya kila siku. Nairobi inauza akiba.

Na akiba hiyo si ya Kenya peke yake. Miaka ya 1970 Nairobi ndiyo iliyokuwa na viwanda vya kuchapa santuri. Bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini nyimbo zikachapwa Nairobi kwa sababu kwao hakukuwa na kiwanda. Wakongomani kama Super Mazembe na Les Mangelepa walihamia huko kabisa. Simba Wanyika walitoka Tanga. D.O. Misiani, mfalme wa benga, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania.

Kisha ikaja kaseti. Mtu yeyote mwenye redio ya kunakili aligeuka mchapishaji, na maduka ya River Road yakaanza kufunga moja baada ya jingine.

Kwa hiyo santuri ikiingia kwenye begi la mgeni, imeenda, na nyingine haichapwi. Mwenye duka hawezi kulaumiwa. Ana kodi ya kulipa, na mgeni analipa vizuri kuliko jirani. Lakini aliyepiga gitaa humo ndani hapati hata shilingi, kwa kuwa mauzo ya mtumba hayana mrabaha.

Kuna kampuni za Ulaya zinazotoa upya nyimbo hizi; Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013. Hapo angalau kuna mkataba wa kuzungumzia.

Tatizo ni muda. Sheria ya Kenya inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Iliyorekodiwa 1974 ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2024. Yaani rekodi hizi zinapoteza kinga wakati uleule zinapopanda bei, na kila Desemba kundi jingine linaondoka.

Kinachobaki ni haki ya mtunzi, inayodumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Familia inaweza kudai. Lakini ithibitishe vipi? Bendi nyingi hazikuweka makaratasi, na mara nyingi ushahidi ni ile lebo ya duara katikati ya santuri, yenye jina la mtunzi, kampuni na namba ya toleo. Ndiyo hiyo inayopanda ndege.

Hakuna haja ya kusubiri jumba la makumbusho. Picha mbili za simu, upande A na upande B, kabla santuri haijafungwa kwenye mfuko, zingetosha kumwachia mjane wa mtunzi kitu cha kuonyesha.