Herufi Nne Hazilipi Kodi ya Nyumba

Wacha nianze na kosa langu, ndio usidhani nakuhubiria. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, niliingiwa na wazo la kutajirika kwa kununua na kuuza majina ya tovuti, zile domeni. Nilikuwa nimeambiwa jina fupi ni dhahabu. Hesabu yenyewe inavutia: herufi mbili zinakupa majina 676 tu, tatu 17,576, nne 456,976. Nikaketi saiba hapa Langas, nikachukua majina sita ya herufi nne yanayoishia na .co.ke, kila moja kama elfu moja. Hayakuwa na maana katika lugha yoyote. Mwaka ukapita, hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei. Sikuwa na pesa ya kuyalipia tena, yakaenda. Elfu sita, manze, na landilodi ananidai.

Nilichokosa kuelewa Wajerumani wanakielewa vizuri. Majina yao huishia na .de. Huko, neno fupi ambalo Mjerumani analitumia kila siku, kama Geld (pesa), Haus (nyumba) au Rad (gurudumu, au baiskeli), lina thamani ambayo herufi zilizotupwa pamoja ovyo haziwezi kuikaribia. Si kwamba neno ni tamu. Nyuma yake kuna nchi ya watu zaidi ya milioni 80 wanaotafuta bidhaa, kulinganisha bei na kulipa kwa lugha yao. Na lugha yenyewe ina usumbufu wake: neno Tür, yaani mlango, lilibidi liandikwe tuer hadi 2004, waliporuhusu ü kwenye .de.

Tena herufi zilezile hubadilika bei kulingana na anayezisoma. Gift kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu. Hebu jaribu kumfungulia Mjerumani duka la zawadi kwa jina hilo.

Sasa tujiangalie. Kiswahili kimejaa maneno ya herufi nne: pesa, duka, soko, kazi, maji, gari. Hatuna nukta juu ya herufi. Labda ng'ombe tu ndiye atasumbua, kwa sababu ile alama yake haikubaliki kwenye domeni. UNESCO inasema wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Kwa nini basi maneno yetu hayana bei kama ya wale?

Toka nje utembee barabarani hapa Langas. Kila bango ni Enterprises, Investments, Ventures. Anayeuza mahindi ni Ventures, anayeuza magodoro ni Ventures. Biashara tunaifanya kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi usiku, lakini ikifika wakati wa kuipa jina tunakimbilia Kiingereza. Wageni wao hawaoni aibu. Kuna kampuni ya vifaa vya kuchezea watoto huko Fürth, Ujerumani, iliyoanzishwa 1982. Inaitwa Simba. Apple walipotoa programu yao ya kuingilia intaneti 2003 waliiita Safari. Mchezo wa Jenga umetoka kwa kitenzi chetu, na unauzwa dunia nzima.

Aliyenifungua macho ni fundi wa kuchomelea vyuma jirani yangu. Nilijaribu kumuuzia moja ya zile domeni zangu. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Kijana, mteja akinipigia kutoka Turbo, hii nitamtajia vipi kwa simu?" Sikuwa na jibu. Yeye hutengeneza milango. Neno mlango lina herufi sita, na hakuna mteja wake atakayeuliza linaandikwaje.

Kwa hivyo wewe mwenye duka, kinyozi au kibanda cha chapati, ushauri wangu ni huu. Chagua neno ambalo mteja wako tayari analo mdomoni. Likiwa na mwenyewe, ongeza la pili: kazi yako, mtaa wako. Usikawie, maana domeni hupewa anayewahi. Lakini usichukue jina la kampuni ya watu ukingoje wakulipe, hiyo ni kutafuta kesi. Wala usinunue maneno mia uyafungie kama mimi. Neno lisilotumika halipandi bei.

Wazee hapa bado huita Eldoret Sisibo, yaani 64. Ilikuwa namba ya shamba tu. Posta ikafunguliwa hapo 1910, watu wakaanza kuitumia, na 2024 tukawa jiji. Namba ile haikubadilika.

Fundi sasa ana tovuti ya kurasa mbili yenye jina la Kiswahili. Niliitengeneza mimi, na alinilipa. Mwezi huo kodi ililipwa.