Ordinatere ya michezo kwa pesa kidogo

Juzi mama mmoja wa kundi letu aliniuliza: "Mama mwalimu, zamu yangu ya likelemba imefika. Kijana anataka ordinatere ya michezo. Nitaweza bila kugusa minervali?" Ataweza.

Asinunue mpya. Atafute ya mezani iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex ya boksi kubwa yenye Core i5. Hiyo inakosa karibu kitu kimoja tu: karti ya grafiki, inayochora picha za mchezo. GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada hutumia wati 75 tu, nayo inazipata kwenye ubao wa mashini yenyewe. Boksi likiwa jembamba, karti ya kawaida haiingii, mupime kwanza. Kumbukumbu, vipande 2 vya GB 8 vinatosha.

Mimi nilikosea kwa ajili ya mdogo wangu. Nilinunua karti kubwa, kisha nikabana pesa kwenye alimantasio, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Kiliandikwa wati 500, lakini mkononi kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, tukasikia harufu. Kiliungua pamoja na karti. Muuzaji akacheka.

Kwa hiyo pesa ya stabilizateri itoke kabla ya ile ya klavye yenye taa, hata kijana akinuna. Na kabla ya kulipa, mchezo uchezwe palepale dukani, nusu saa nzima, mama akiwa amekaa.