Tiba ya Homa ya Ini Iteremke hadi Zahanati

Homa ya ini aina ya C ni adui mwenye hila. Mgonjwa aweza kuishi nayo miaka 20 au zaidi bila kuhisi maumivu, kumbe virusi vinatafuna ini polepole. Macho yakigeuka manjano na tumbo kujaa maji, mara nyingi ini huwa limekwisha haribika.

Virusi hivi huenezwa kwa damu, hasa kupitia sindano zilizotumiwa na mtu mwingine. Aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina.

Hata hivyo, tiba ipo. Tembe za kisasa, zikimezwa kila siku kwa majuma 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Dawa ya sofosbuvir ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2013, dozi kamili iligharimu dola 84,000. Mwaka uliofuata, kampuni ya Gilead iliruhusu viwanda vya India kuitengeneza kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi kadhaa, Kenya ikiwemo.

Lakini dawa kushuka bei hakutoshi. Kibarua wa Turbo au Burnt Forest akitakiwa kufika Eldoret kupimwa, arudi kuchukua majibu, kisha arudi tena kumwona daktari bingwa, atalipa nauli mara ngapi kabla ya kukata tamaa?

Eldoret yenyewe ina jibu. Mpango wa AMPATH ulipoanza kutibu ukimwi mwaka wa 2001, haukuishia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ulifika pia kituo cha afya cha Mosoriot, kisha vituo vingine vingi. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza homa hii nayo itibiwe katika vituo vidogo, na madaktari wa kawaida na wauguzi. Hata mashine za GeneXpert, zinazopima kifua kikuu, zaweza kupima virusi hivi zikipewa vifaa vyake.

Wako watakaosema kwamba wagonjwa wa aina ya C ni wachache wakilinganishwa na wa ukimwi. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii inawezekana. Baadhi yao ni watu wanaojidunga dawa za kulevya, ambao huogopa hata kukaribia hospitali kubwa.

Serikali ya kaunti na Wizara ya Afya hazina budi kupeleka vipimo na tembe karibu na wananchi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.