ASKARI ALIYEKOSA KITI



Mara nyingi maofisini twasikia neno hili: mtu akishindwa katika uchaguzi na anyamaze, maana wananchi wamekwisha sema. Neno hili lina kweli ndani yake, nao wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini leo twapenda kuwakumbusha habari za mtu aliyeanza karani kama sisi, akawa askari, kisha mfungwa, kisha mjumbe wa Bunge, na mwisho akakosa kiti. Habari zake zatuhusu sisi tushikao kalamu ya Serikali zaidi ya zinavyowahusu wenye kutafuta kura.

Mtu huyo ni marehemu Bwana Bildad Kaggia. Alikuwa karani katika ofisi ya wilaya ya Fort Hall, ambayo leo yaitwa Murang'a. Mwaka 1940 aliingia jeshini, akatumika Mashariki ya Kati na Uingereza, na mwaka 1946 akarejea Kenya. Askari wa Kizungu waliandaliwa mashamba ya kukaa, kama walivyoandaliwa wenzao baada ya vita ya 1914-1918. Askari Mwafrika hakuandaliwa shamba. Alirudi kwenye kipande kile kile cha wazee wake, ikiwa anacho. Bwana Kaggia hakuridhika. Aliongoza chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara, akaingia katika siasa, naye akawa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Alifunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1963 watu wa Kandara wakamtuma Bungeni.

Alipewa cheo katika Wizara ya Elimu, walakini hakuacha kuulizia ardhi ya wasio na ardhi, na ya wale walioona kwamba mashamba yao yalipunjwa wakati wa kuunganishwa wao wakiwa kifungoni. Mwaka 1964 akatoka katika cheo hicho. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara, Rais Kenyatta alimwuliza mbele ya watu amejifanyia nini nafsi yake, hali wenzake waliofungwa pamoja naye wamekwisha jipatia mali. Mwaka 1966 akahamia chama kipya cha KPU cha Bwana Oginga Odinga, akawa makamu wake. Mara ikapitishwa sheria kwamba mjumbe aliyehama chama hana budi kurudi kwa wapiga kura. Mwezi wa Juni mwaka huo alirudi Kandara, akashindwa na mgombea wa KANU. Hakuingia tena Bungeni mpaka alipofariki mwaka 2005.

Basi, twasemaje?

Kwanza twasema kwamba mpiga kura hana deni. Mtu aliyepigana vita, au aliyefungwa kwa ajili ya nchi, astahili heshima yetu. Lakini kiti cha Bunge si nishani wala si malipo ya uzeeni. Watu wa Kandara walikuwa na haki ya kumchagua mtu mwingine, na asiyependa uamuzi wao hana ruhusa ya kuwaita wajinga.

Pili, methali ile ya ushindani yafaa pale tu uwanja ulipokuwa sawa. Katika uchaguzi ule chama cha KPU kililalamika kwamba kilinyimwa leseni za mikutano, na kwamba redio ya Serikali ilisema ya upande mmoja. Mwaka 1968 Bwana Kaggia mwenyewe alifungwa kwa ajili ya mkutano usiokuwa na leseni. Wenzetu, leseni ni karatasi, na karatasi hupita mikononi mwa karani. Bwana mkubwa ndiye atiaye sahihi, ni kweli. Lakini nani alipokea ombi? Nani aliliandika kitabuni, na kwa tarehe gani? Ombi likilazwa chini ya mafaili hata siku ya mkutano ipite, hakuna mtu aliyelikataa, ila limekwisha kataliwa. Aliyeshindwa namna hiyo hajui kama ameshindwa na wananchi au ameshindwa na meza. Na aliyeshinda naye hajui.

Tatu ni lile swali la mkutanoni. Kwa mtumishi wa Serikali, kuulizwa umejifanyia nini ni mtego. Wengi wetu twaulizwa hivyo hivyo nyumbani, na mashemeji, na tuliosoma nao: miaka ishirini ofisini, nyumba ya mawe i wapi? Ikiwa kipimo cha mtu ni alichojichukulia, basi karani mwaminifu ndiye mpumbavu wa kwanza katika nchi. Sisi twakikataa kipimo hicho. Twaona kwamba swali lile, lililoulizwa ili kumwaibisha, lilikuwa ni ushahidi mwema kwake.

Kwa hiyo, uchaguzi ujapo, twawasihi wanachama mambo yaliyo mepesi kuyataja. Andikeni kila ombi siku ile ile lipokelewapo, na mwenye ombi apewe stakabadhi, awe wa chama kipi. Msichukue neno la chama mkaligonga mhuri wa ofisi. Mkiwekwa kwenye kituo cha kura, hesabuni kura za atakayeshindwa kwa kidole kile kile mhesabucho za atakayeshinda. Kura yenu wenyewe ni siri yenu. Pigeni, kisha rudini kazini.

Hatuwezi kumwahidi askari yeyote, wala mtu mwingine, kwamba atapata kiti. Twaweza kumwahidi kwamba akikikosa, hakukikosa mezani petu.