Kiswahili na Masomo ya Uokoaji
Thika ni mji wa viwanda. Ruiru umejaa nyumba za ghorofa za kupanga. Kijana wa huko anayesomea usimamizi wa maafa hujiandaa kuwaokoa majirani zake, ila chuoni hufunzwa kwa Kiingereza. Hilo ni kosa. Ikumbukwe kuwa Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, zaidi ya watu 100 waliangamia moto ulipozuka wakiteka mafuta ya lori lililopinduka. Umati kama ule huonywa kwa lugha unayoielewa papo hapo. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti huduma za zimamoto na kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi wanaisimu na wakufunzi wa uokoaji waandae pamoja maonyo mafupi ya Kiswahili, nayo yatahiniwe.