Nani Anaijua Swichi Kuu?



Masika yaliyopita nilikuwa nimeketi kwa jirani yangu. Mvua ilinyesha kwa upepo. Bati moja lilikuwa na tundu la msumari. Maji yakapita humo, yakateremka ukutani, yakaingia kwenye soketi ya redio. Mama mwenye nyumba akachukua kitambaa ili aifute. Nikapiga kelele. Alisimama akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Nikamwuliza, "Mama, swichi kuu iko wapi?"

Akajibu, "Hiyo anaijua baba watoto."

Baba watoto alikuwa shambani.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi. Ni jambo jema. Lakini fundi akimaliza kazi, mara nyingi humwonyesha swichi kuu baba peke yake. Naye baba huificha habari hiyo kama ufunguo wa sanduku. Mimi naona hilo ni kosa kubwa. Mvua ikinyesha, walioko nyumbani ni mama, bibi na watoto. Hao ndio wa kuonyeshwa kwanza.

Kwa nini kitambaa hakifai? Betri moja ya redio ina volti 1.5. Umeme wa ukutani una volti 230. Maji yanayoteremka ukutani huchukua vumbi na chumvi, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme. Kitambaa kikilowa, umeme hupita humo, ukaingia mkononi, ukashuka mwilini hadi ardhini. Mtu aweza kufa palepale.

Wengine husema, "Nitazima kitufe cha soketi, yatosha." Haitoshi. Waya wenye umeme unafika mpaka nyuma ya kitufe hicho, hata kikiwa kimezimwa. Wengine husema, "Umeme umekatika, sasa naweza kuifungua." Huo ni mtego. Umeme hurudi bila kubisha hodi. Hata uniti za LUKU zikiisha, usiguse. Mtu mwingine aweza kununua uniti na kuziingiza, nawe hujui.

Basi fanya hivi. Usiguse soketi, wala plagi iliyochomekwa. Waondoe watoto. Nenda kwenye swichi kuu, mikono ikiwa mikavu, nawe umesimama mahali pakavu. Kata umeme wa nyumba nzima. Mara nyingi hapo hapakuandikwa Kiswahili. Utaona ON na OFF, au alama I na O. ON au I maana yake umeme unapita. OFF au O maana yake umekatika. Tuzisome alama hizo darasani kama tunavyosoma a, e, i, o, u. Ikiwa swichi kuu yenyewe imelowa, au maji yametuama chini yake, usiisogelee. Watoe watu nje, uwaarifu TANESCO.

Ukisha kukata, usiwashe tena ili kujaribu. Ukuta hukauka nje upesi, lakini nyuma ya soketi unyevu hubaki siku nyingi. Mwite fundi mwenye leseni aifungue. Najua mtasema fundi yuko mbali, naye anataka fedha. Ni kweli. Lakini soketi mpya ni rahisi kuliko kuku mmoja. Na je, siku mbili bila umeme ni nini? Koroboi tunazijua sana.

Kwa jirani yangu tulisubiri siku mbili. Baba watoto alinung'unika, maana alikosa kusikiliza mpira. Fundi alipoifungua ile soketi, ndani mlikuwa bado na maji, na vyuma vilikuwa vimeota kutu. Kumbe bati lilikuwa likivuja tangu zamani. Akaweka soketi mpya, na tundu la bati likazibwa siku ileile.

Kisha mama mwenyewe alichukua mkaa, akaandika ukutani juu ya swichi kuu: KATA UMEME HAPA. Herufi K ameigeuza, lakini maneno yanasomeka hata ukiwa mlangoni.