Siku Tatu za Wawili Katika Mji wa Lisbon



Wiki hii tumeletewa barua na dada mmoja wa Kisauni, aliyekaa na mumewe miaka 23 na kuzaa naye watoto watano. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi London, na amewaalika wazazi wake wakamtembelee kwa mwezi mmoja. Juu ya hayo amewaandalia zawadi: kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, baba na mama waende Lisbon, mji mkuu wa Ureno, wao wawili peke yao, pasi na mtoto wala mjukuu. Kijana ameambatisha orodha ya mahali 14 pa kutazamwa. Dada yetu anatuuliza mambo matatu: orodha hiyo aifuate vipi, chakula na sala zitakuwaje, na amjibu nini mumewe, ambaye amesema hawezi kwenda kustarehe katika nyumba ya watu waliouchoma mji wake. Kisha mwisho kabisa, chini ya jina lake, ameongeza kwamba siku hizi yeye na mumewe huzungumza habari za karo na za gesi, na zikisha hizo hunyamaza.

Hilo la mwisho tumelisoma mara nyingi kuliko yale matatu. Dada yetu hakulifanya swali, lakini majibu yetu yote yanalielekea hilo.

Tuanze na orodha. Ikunjwe, itiwe mkobani, na isifunguliwe. Twasema hivi kwa kuwa somo hili tumelilipia ada. Miaka kadhaa iliyopita tulipita Lisbon pamoja na mama watoto, tukitokea harusi ya jamaa huko Uingereza, na orodha yetu ilikuwa ndefu kuliko ya kijana huyu. Asubuhi ngome, adhuhuri mnara, alasiri makumbusho. Kwenye saa kumi jioni, katika ngazi za mtaa wa Alfama, mwenzetu aliketi juu ya jiwe, akavua kiatu kimoja, akasema: "Shekhe, wewe nenda ukaone. Mimi nitakungoja hapa mpaka uimalize Ureno." Tulikasirika. Tulikwenda kweli, hatua kama 30, kisha tukarudi; wala haikuwa kwa kutubu, bali njia hatukuijua. Tukaketi kando yake. Juu yetu bibi mmoja mzee alikuwa akianua nguo dirishani, akatutazama, akatikisa kichwa kama ajuaye. Tulikaa hapo mpaka jua likaelekea kuchwa, naye akatusimulia mambo ya marehemu baba yake ambayo hatukupata kuyasikia katika miaka yote ya ndoa yetu. Mnara ule hatuukumbuki sawasawa. Ngazi ile twaikumbuka hata nyufa zake.

Basi mpango wetu ni mwepesi: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, na baina yake kulala, kula na kukaa. Wapo watakaosema kwamba ni hasara kusafiri mbali namna hiyo kwenda kukaa. Nasi twawauliza, nyumbani wamekaa lini? Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa safarini alipowatanguliza masahaba mbele, akashindana mbio na Bi Aisha. 

Lisbon yenyewe ni mji unaomlazimisha mtu kwenda polepole. Umejengwa juu ya vilima, na husemwa kuwa ni saba. Njia zake zimetandikwa vijiwe vidogo vilivyolainishwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kwa hiyo dada yetu achukue viatu vya soli ya mpira, na buibui lake liwe la kufika kifundoni, lisiburure. Chumba wakichukue mtaa wa Baixa, ambao uko bondeni na ni tambarare, tena waulize kama nyumba ina lifti. Juu ya vilima kuna mahali pengi palipoachwa wazi ili watu waketi na kuutazama mji na mto Tagus. Wareno hupaita miradouro. Sisi tunaona ni baraza, baraza ya mtaa mzima, tofauti ni kwamba hapana kahawa chungu wala kashata. Pale Portas do Sol, na pale Senhora do Monte palipo juu zaidi, wawili wanaweza kukaa saa nzima na asiwepo wa kuwauliza wanangoja nini.

Tramu ya namba 28, ile ya manjano iliyomo katika kila picha, husongwa na watu, na wachomoaji wa mifukoni wanalijua hilo kuliko wageni. Waipande asubuhi mapema, au waiache.

Siku ya Ijumaa, wakiondoka London alfajiri, safari ya ndege haitimii saa tatu, na huenda wakawahi sala. Msafiri halazimiki na Ijumaa, lakini Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Praça de Espanha, na wengi katika walioujenga walitoka Msumbiji, ndugu zetu wa bahari moja. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo bustani ya Gulbenkian, yenye vivuli, maji na bata. Waende wakakae hapo hadi alasiri. Makumbusho yaliyomo ndani ya bustani yana mazulia ya Kiajemi, vigae vya Iznik na taa za misikitini. Waulize kwanza kama yamefunguliwa, na wakiyakuta yamefungwa wasihuzunike, bata wanatosha.

Katika sala, dini imewapunguzia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hupunguza na kukusanya, na safari hii imo ndani ya kipimo hicho. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Lisbon wataelekea mashariki, wakipinda kidogo kwa kusini. Saa ndizo za kuangaliwa. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu za usiku na Isha huja karibu na saa tano, jambo linalomchosha mtu mzima. Tena katikati ya Juni kuna sikukuu yao kubwa ya mitaani, moshi wa dagaa wa kuchoma na ngoma hadi alfajiri. Tungewashauri Aprili au mwanzo wa Oktoba: jua si kali, watu wamepungua, na Magharibi huingia wakati ambao wawili wanaweza kusali kisha watoke wakale. Na kwa wanaouliza mambo ambayo wanaume huona haya kuyaandika: vyumba vingi vya Ureno vina beseni la kujisafishia kwa maji kando ya choo. Kopo la safari libaki nyumbani.

Chakula si kizito kama kinavyohofiwa. Wareno ni watu wa samaki na mafuta ya zaituni, na samaki wa kuchoma kwa chumvi na limau hapatikani kwa taabu. Maneno machache yahifadhiwe: porco ni nguruwe, nao presunto, chouriço na toucinho ni namna zake, banha ni mafuta yake, vinho ni mvinyo, ambao hutiwa pia katika michuzi. Kuna halua yao ya lozi iitwayo toucinho do céu, tamu kwa jina na kwa sura, nayo kwa desturi huwa na mafuta hayo. Vile vitobosha vya maziwa na kiini cha yai vinavyouzwa kila kona waulize kwanza kama vina banha. Nyama ya halali ipo mtaa wa Mouraria, katika njia ya Benformoso, ambako Wabangladeshi wamefungua mikahawa mingi.

Na mtaa huo ndio unaotufikisha kwa bwana na hoja yake.

Hoja yake ni ya kweli, nasi hatutaki dada yetu aipuuze. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena na Nuno da Cunha zamani hizo hizo, na Ngome ya Yesu wakaanza kuijenga mwaka 1593 hata Waomani walipoitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Lakini bwana ajue kwamba sisi hatukuwa wa kwanza. Lisbon ilikuwa mji wa Waislamu kwa zaidi ya miaka mia nne. Alfama, palipo ngazi yetu, ni neno la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques aliuzingira mji akauteka, na Waislamu waliosalia wakatengewa mtaa chini ya kilima, nje ya ukuta. Ndio Mouraria, mtaa wa Wamori. Walikaa hapo hadi mfalme Manuel alipotoa amri mwishoni mwa 1496 kwamba Mwislamu na Myahudi aondoke nchini au abatizwe. Mwaka uliofuata, mfalme huyo huyo alimtuma Vasco da Gama baharini, naye Aprili 1498 akatia nanga mbele ya Mombasa. Mlango uliofungwa Mouraria na merikebu zilizotokea kwetu ni kazi ya mkono mmoja, katika miezi isiyofika ishirini.

Kwa hivyo bwana asiende Lisbon kama mgeni wa adui. Aende kama mtu anayekwenda kuzuru mtaa wa jamaa waliotangulia. Kaburi la da Gama limo katika kanisa la Jerónimos, huko Belém, na ujenzi wake ulilipiwa kwa ushuru wa biashara ya viungo. Sisi hatuliweki katika mpango. Lakini bwana mwenyewe akitaka kwenda kusimama mbele yake na kusema lililomo moyoni mwake, dada yetu afuatane naye, amwache aseme yote, asimkatize. Hizo hazitakuwa habari za karo.

Na tukiwa katika haya, tuseme kwamba lugha haikuchomeka. Tuliwaachia Wareno vitu, nao wakatuachia: meza, bendera, kopo. Waarabu waliwaachia azeite, mafuta ya zaituni, açúcar, sukari, na almofada, mto wa kulalia. Mreno anayetamani jambo husema oxalá, na aliyesoma madrasa akilisikia atageuka kumtazama msemaji, kwa kuwa jina la Mwenyezi Mungu limo ndani yake.

Jumapili jioni waende Cais do Sodré wakapande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni kivuko cha wananchi, nauli ndogo, mwendo wa dakika kumi hivi. Kila aliyewahi kubanwa Likoni saa za kazi atastaajabu: ni maji yale yale baina ya kingo mbili, lakini hapana anayekimbia. Wavuke, watembee kando ya mto, waone jua likichwa na vigae vya mji vikigeuka rangi, kisha warudi.

La karatasi tulipitie haraka. Viza ya Uingereza haimwingizi mtu Ureno. Wanahitaji viza ya Schengen, na kwa kawaida huombwa katika nchi mtu anamoishi, kwa hivyo waiombe hapa Kenya kabla ya kuondoka. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Kijana ashughulikie hayo badala ya orodha.

Limebaki jambo moja, na hili twamwambia bwana, ambaye dada yetu ametuarifu kuwa ndiye auletaye ukurasa huu nyumbani kila Ijumaa. Neno leso nalo ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba bibi zetu walivinunua vitambaa hivyo, wakaviunga pamoja, ndipo ikapatikana leso tunayoijua, na baadaye ikaandikwa jina lake, likasema ambalo mke haoni vyema kulisema kwa mdomo. Bwana, huko Ureno kaskazini, katika nchi ya Minho, wasichana walikuwa na desturi ya kudarizi vitambaa kwa maneno ya mahaba, mara nyingi yamekosewa tahajia kwa kuwa waliandika kama walivyotamka. Msichana alimpa kijana ampendaye, na kijana akikivaa hadharani ilijulikana amekubali. Vitambaa hivyo vingalipo na huuzwa hata Lisbon. Wewe unajua vizuri kuliko sisi ni leso ngapi umenunuliwa mkeo na ni ngapi ulizisoma jina lake. Mwambie unakwenda kutafuta maji ya kunywa, ukitafute kimoja, na muuzaji akufasirie maneno yake kabla hujalipa. Nenda Jumamosi, Jumapili huenda ukakuta duka limefungwa.